Mtamba wa Ukoo wa Bihogo

Watu wa Nyabushozi wakitaka kumtambulisha shangazi yangu Kamakune, hawasemi mke wa Mugarura, wala binti wa marehemu Kahindiriza. Husema yule mwenye hasira, na mgeni huonyeshwa kwetu bila kuuliza mara ya pili.

Mimi naishi kwake tangu baba yangu, aliyekuwa mdogo wake, alipofariki. Kazi yangu ni vyombo vya maziwa. Navifukiza kwa moshi wa nyasi, nasukasuka kibuyu, natunza samli. Mtu wa vyombo hukaa karibu na mlango na hakuna anayemwambia atoke, kwa hiyo husikia mengi. Mengine nimesimuliwa na Shangazi mwenyewe akiwa amekasirika, maana akitulia hana hadithi.

Hasira hii ninayoieleza ilianza na ng'ombe. Mumewe Mugarura, ambaye mimi namwita Baba, aliwahi kuuza ng'ombe wote wa pembe ndefu akanunua Friziani. Kila mtu alikuwa akifanya hivyo. Alikuja bwana mmoja kutoka mjini, akasimama kwenye kivuli cha tangi la kupozea maziwa, akasema ng'ombe wa pembe ni wa kutazama tu, na anayetaka kusomesha watoto afuge wa mabaka meusi na meupe. Baba ni mtu mpole. Upole wake ni kwamba mtu akizungumza naye kwa sauti ya uhakika, yeye hukubali ili mazungumzo yaishe. Akakubali.

Miongoni mwa ng'ombe wale walikuwamo wa Shangazi, aliopewa na baba yake siku alipotolewa nyumbani kwenda kuolewa. Wakauzwa nao. Hakuulizwa. Aliwaona wakipandishwa kwenye lori, vichwa vimepindishwa ili pembe zipite mlangoni.

Friziani walitoa maziwa mengi, hilo Shangazi hakatai. "Mengi," husema, "hata mto una mengi." Lakini kibuyu unakisukasuka mpaka mkono unakufa, samli inayopanda haitoshi kupaka mtoto mmoja. Kisha kupe wakaizoea dawa. Unanyunyizia asubuhi, jioni kupe anatembea mgongoni mwa ng'ombe kama ametoka kuoga. Ndigana, homa ya kupe, ikaingia. Juu yake kikaja kiangazi, na Friziani hawajui kutembea kutafuta nyasi. Walisimama getini wakilia, wakingoja kuletewa, wakafa wakingoja.

Siku tulipomburuta wa mwisho, Shangazi alimgeukia mumewe.

"Sasa tutaanza upya. Safari hii wewe utanyamaza, mimi nitasema."

"Sawa," Baba akasema.

"Sikukwambia useme sawa. Nimesema unyamaze."

Tukaanza na ng'ombe wazee wawili wa pembe ndefu, ambao Shangazi aliwatoa mnadani mikononi mwa wachinjaji, akiwatukana wachinjaji huku akiwalipa. Fahali tulipewa na ndugu ya Baba, kwa sababu alimwonea aibu: pembe moja ilikwenda juu vizuri, nyingine ikateremka kando ya shavu. Hakuna aliyetaka kumweka mbele ya wageni. Shangazi alisema pembe ni zake, atazivaa anavyotaka, cha maana ni damu. Tukazungushia shamba letu miba, tukachimba upya kisima, tukafinyanga birika la udongo la kunyweshea. Wazee wale wakashiba, wakapata mimba. Mmoja akazaa, mwingine akatupa mimba. Ikawa ndiyo boma letu.

Lakini Shangazi alikuwa na neno moja moyoni. Alitaka ukoo wa Bihogo.

Bihogo ndivyo tunavyomwita ng'ombe mwenye rangi nyekundu iliyoiva, inayokaribia kahawia. Babu Kahindiriza alikuwa na ukoo wa namna hiyo, mama na binti na mjukuu, rangi haibadiliki, pembe nyeupe zinazofungua kama mikono ya mtu anayeshukuru. Babu alipofariki boma lilirithiwa na kaka mkubwa, Karemire. Karemire alileta kijana wa pikipiki anayepandisha ng'ombe kwa mirija ya mbegu, na baada ya muda mfupi ukipita kwake ulikuta madoadoa matupu, wote wamechomwa vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto wakiwa ndama. Vichwa vyao vimelainika kama magoti.

Bihogo mmoja tu alikuwa amepona, kwa sababu hakuwa bomani. Babu alimpa rafiki yake Rutaahwire zamani, urafiki ukafungwa kwa ng'ombe huyo. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo hasahauliki. Aliyetoa, au watoto wake, wanaweza kurudi kuomba uzao wake, na aliyepewa hakatai kama ni mtu. Ila kuna namna ya kuomba. Huendi ukasema shida yako mlangoni. Unakunywa maziwa, unasifia ng'ombe, unataja urafiki ulivyoanza, na mwenye nyumba akiridhika anakupa fimbo yake mkononi. Aliyeshika fimbo ndiye aliyepewa. Hakuna maneno mengine.

Shangazi alimtuma mumewe kwanza. Baba alikwenda, akanywa, akasifia, akarudi.

"Fimbo iko wapi?" Shangazi akauliza.

"Alikuwa amechoka kidogo. Sikuona vizuri kumsumbua."

"Mugarura! Ulikwenda kuomba ng'ombe au kumpa pole?"

Basi akaenda mwenyewe, nami nikambebea kibuyu cha samli ya zawadi. Mzee Rutaahwire ni mtu mwembamba anayependa kuchekesha watu kuliko kuwasaidia. Alitupokea vizuri. Bihogo mzee alikuwa amelala kivulini, na kando yake mtamba, binti yake wa mwisho, mwekundu mzima, pembe ndiyo kwanza zinaanza kufunguka. Nilimwona Shangazi akimeza mate.

Alisema maneno yote vizuri. Alisifia kama mwanamume anavyosifia, akitaja mama na bibi wa ng'ombe mpaka vijana wa pale wakaacha kazi kusikiliza. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Kamakune, ungezaliwa na ndevu ningekupa boma zima."

"Nipe huyo mmoja, ndevu baki nazo."

"Mwanangu, Kahindiriza alinipa ng'ombe mkono kwa mkono, mwanamume kwa mwanamume. Fimbo yangu nitaiweka kwenye mkono wa mwanawe. Mlete Karemire."

"Na mimi nilizaliwa na nani? Na mbuzi?"

"Mlete Karemire," mzee akasema tena, bado anacheka, "nami nitakufa nimeridhika."

Tukarudi. Nyumbani akapiga teke ndoo. Halafu akaenda kwa Karemire, akamwomba. Hilo nalijua lilimuuma, maana aliponisimulia alikuwa anatazama pembeni. Karemire alikubali haraka. Alivaa kanzu yake nzuri na koti, akaenda na Shangazi kwa Rutaahwire, akanywa, akasifia vibaya, akataja rangi ya ng'ombe kimakosa, na mzee akamwekea fimbo mkononi.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na kwa jinsi tulivyo hakuna aliyeliona. Mtu akiomba ng'ombe hamtaji mwingine. Husemi naombea dada yangu. Hiyo ni kumwambia mwenye nyumba kwamba wewe ni tarishi tu. Kwa hiyo Karemire aliomba kama anajiombea mwenyewe, Shangazi akakaa kimya kwa adabu nyuma ya mlango pamoja na wanawake, na fimbo ikaenda kwa Karemire mbele ya watu wote. Walipofika njia panda, mtamba yuko mbele, Shangazi akashika njia ya kwetu. Karemire akashika ya kwake, akimswaga mtamba.

"Kaka, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na ng'ombe wangu?"

"Wako?" Karemire akainua fimbo. "Nani alipewa?"

Shangazi anasema hapo aliona giza. Alimshika mkia mtamba. Karemire akamwambia aache kujiaibisha barabarani, watu wanapita.

"Dada, sikiliza. Wewe unafuga pembe. Mimi nafuga maziwa. Huyu nikimpandisha kwa mbegu nzuri, bintiye atajaza ndoo na atastahimili jua. Wewe utampa yule fahali wako wa pembe ya kuvunjika, ili iweje? Mkae mnatazamana?"

"Ndiyo! Tukae tunatazamana!"

"Basi tazama kutoka kwako."

Akaenda zake.

Siku zile nyumba yetu haikukalika. Baba alikaa kisimani hata pasipokuwa na kazi. Mimi nilifukiza vyombo vilivyokwisha kufukizwa. Shangazi alikuwa akiongea na ukuta. "Anastahimili jua. Anastahimili jua! Kwani jua lile atalitoa wapi, si kwa Bihogo? Anataka jua la Bihogo na matiti ya Friziani, na Bihogo mwenyewe afutike. Kila mtu ananichukulia ng'ombe, mmoja anauza, mwingine anaswaga, na wote wananiambia ni kwa faida yangu." Nilikuwa nakubaliana naye kila neno. Nami nilikuwa na hasira, ila yangu haina sauti.

Kisha ikasikika kwamba binti ya Karemire, Kentembwe, anatolewa kwenda kuolewa, na siku imewekwa. Hapo Shangazi akanyamaza ghafla, na Baba akaogopa zaidi.

Kwetu binti hatolewi bila shangazi yake. Shangazi ndiye anayekaa naye, anayemfundisha, anayemshika mkono kutoka nyumbani na kuingia naye kwa mume. Wakwe wakifika wakakuta hayupo watauliza, na jibu lolote utakalowapa ni baya. Karemire alikuwa na dada mmoja tu duniani.

Asubuhi alivaa suka, vazi lake refu la sherehe, akaniambia nimfuate. Kwa Karemire tulimkuta Kentembwe ndani, amepakwa samli mpaka anang'aa, ananyweshwa maziwa apendeze.

"Shangazi, afadhali umekuja," akasema. "Waambie waache. Tumbo limekuwa pipa, nikitembea najisikia nikivuma."

"Vumilia," Shangazi akasema, akamgusa shavu. Hiyo ndiyo mara pekee siku ile uso wake ulilegea.

Mke wa Karemire akaleta maziwa katika chombo kizuri cha mti, chenye kifuniko cha kusuka. Shangazi akakipokea kwa mikono miwili. Wanawake wote wakimtazama, akakiweka chini kwenye mkeka. Hakufunua kifuniko.

Huwezi kuelewa kama hukukulia kwetu. Mtu kukataa maziwa ya ndugu yake nyumbani kwake, akiwa mzima, hana ugonjwa, ni kama kumwambia sisi hatukutoka tumbo moja. Bibi mmoja aliyekuwa anasuka akaacha kusuka. Mtu akamkimbilia Karemire zizini.

Akaingia anacheka. "Nasikia dada yangu ameshiba."

"Sijashiba. Nina njaa tangu tulipoachana njia panda."

"Kunywa, Kamakune. Usinifanyie mchezo mbele ya wageni."

"Mtamba akifika kwangu nitakunywa. Asipofika, sinywi, na huyu mtoto simtoi."

"Nitatafuta mwingine wa kumtoa."

"Tafuta. Mwite mama afufuke akuzalie."

Bibi wa kusuka akajikuta anacheka, akaziba mdomo. Karemire akaacha kucheka.

"Yaani unamfunga mwanangu kwa ng'ombe?"

"Nani alimfunga? Wewe ulisema wangu si wangu. Basi na shughuli yako si yangu. Wakwe wakija waambie Kamakune anatazama kutoka kwake."

Karemire alisimama pale akipumua. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Nilikuwa karibu na mlango, nikamwona akizungumza na kijana wa pikipiki, yule wa mirija, aliyekuwa amekuja kwa shughuli zake. Waliongea kwa sauti ya chini. Kijana akatikisa kichwa, kisha akainua mabega. Karemire akarudi ndani, uso umebadilika, na sasa alikuwa mtulivu. Nilidhani ni aibu.

"Mchukue," akasema. "Mchukue na mdomo wako."

Shangazi akafunua kifuniko, akanywa mpaka mwisho, akafuta mdomo. "Maziwa yako ni mepesi," akamwambia. Tukamswaga mtamba nyumbani siku hiyohiyo, Shangazi akitembea mbele kama askari. Siku ya shughuli alimtoa Kentembwe vizuri, hakuna aliyeona kasoro. Alimshika mkono mpaka ndani kwa mume, akalia naye, akarudi.

Na mtamba akanawiri. Shangazi alimpangusa kupe kwa vidole vyake mwenyewe, hakumwachia mtu. Tulingoja atake dume. Tukangoja. Fahali wetu alikuwa akimzungukia, akimnusa, akiinua mdomo juu, akiondoka zake kula nyasi.

"Labda hampendi kwa sababu ya pembe," nikasema siku moja. Kwa kawaida sisemi.

"Ng'ombe hana upuuzi huo. Ni wa watu."

Baba alijua kabla yetu. Wanaume ndio wakamuaji kwetu, mikono yao inajua viwele. Aliliona la mtamba akakaa nalo siku nyingi, anakula kidogo, anapita mbali na mkewe. Hatimaye Shangazi akamshika shati.

"Una nini wewe? Umeuza ng'ombe mwingine?"

"Mtamba ana mimba," Baba akasema, akitazama miguu yake.

"Vizuri! Kwa nini unasema kama mtu aliyefiwa?"

"Kiwele kimeshaanza kujaa, Kamakune. Huyu alikuja nayo."

Shangazi alimwachia shati. Nilifikiri atapiga kelele, nikashika kibuyu kisianguke. Hakupiga. Alikwenda zizini akasimama mbele ya mtamba, akaweka kiganja ubavuni mwake, akakiacha hapo. Aliporudi alisema neno moja, "Mrija," akakaa chini.

Kilichomtia hofu hakikuwa rangi ya ndama. Mtamba wetu ni mdogo wa nyonga, na mbegu ya mirija hutoa ndama mwenye kichwa kama jiwe la kusagia. Ng'ombe kama huyo, mimba yake ya kwanza, angeweza kufa akizaa, na ukoo ukaisha hapo, ndani ya zizi letu, mikononi mwetu, baada ya yote. Shangazi aliacha kumlaani Karemire kwa sauti. Kila akimwona mtamba akipita na tumbo lile, taya lake lilikuwa linacheza.

Ilikuwa mchana, jua limesimama. Mtamba alijitenga, akalala, akainuka, akalala. Kwato mbili zikatoka, nene, halafu basi. Hakuna kilichoendelea. Baba akamwita jirani, wakafunga kamba, wakavuta kila mtamba aliposukuma. Macho yake yakageuka meupe. Jirani akasema tuchague, ama mama ama mtoto.

"Nani kakuuliza?" Shangazi akamwambia. "Vuta chini! Chini, kuelekea miguuni, mnamvuta kama mnang'oa kisiki! Ngoja asukume. Ngoja, nimesema! Sasa!"

Akaingiza mkono akiwa amepaka samli, samli yangu ya wiki nzima, akazungusha kichwa cha ndama. Alikuwa akimtukana Karemire polepole, jina la baba yao akiliacha kando, na kila tusi likifuatana na kuvuta. Mtamba akalia mlio ambao sijausikia tena. Ndama akachomoka ghafla, akaanguka na Baba chini.

Dume. Mweusi, na paji la uso jeupe kama limepakwa chokaa. Alikuwa hai, anapiga chafya.

Hakuna aliyemtazama. Tulimtazama mtamba. Alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, hasogei. Shangazi akapiga magoti, akakishika kichwa chake kwa pembe zote mbili, akakiinua kutoka vumbini.

"Amka," akasema. "Wewe si wa kufia kitu cha Karemire. Amka! Bibi yako alitembea kiangazi chote na ndama ubavuni. Amka, mpumbavu wewe, amka."

Alimshikilia hivyo, hakumwachia. Baba alitaka kumpokea, akamsukuma kwa kiwiko. Kisha mtamba akavuta ulimi ndani. Akanusa. Akatafuta ndama kwa pua, na alipompata akaanza kumlamba, mweusi vile vile alivyo, kama hajui kwamba ni wa aibu. Baadaye akasimama. Miguu ya nyuma ilikuwa inapishana, lakini alisimama.

Karemire alikuja ndama alipokuwa ameshika nguvu. Sijui nani alimwambia. Aliingia bila kanzu, bila koti, akasimama zizini.

"Ndama mzuri," akasema.

Shangazi alikuwa anasafisha birika. Hakuinuka.

"Nimekuja kumchukua. Mbegu niligharamia mimi, Kamakune. Mama ni wako, sina neno. Ila huyu ni wangu kwa haki."

"Ulijua," Shangazi akasema.

"Nini?"

"Siku ile. Ulizungumza na kijana wa mirija mlangoni, huyu mtoto aliona. Ulijua ameshapandishwa."

Karemire alikuna shingo. Nilidhani atakana. "Nilijua."

"Hukusema."

"Ningesema ungekunywa? Ungemtoa Kentembwe? Ungekaa kwenye mkeka wangu na chombo hakijafunuliwa mpaka wakwe wakafika. Nakujua. Nikaona uchukue mtamba, mtoto wangu aolewe, mengine tutagombana baadaye."

"Angekufa."

"Hakufa."

Shangazi akasimama. Maji ya birika yalikuwa yanamtiririka mikononi. Mimi nilijua matusi yake yote, nikawa nangoja yatoke. Hayakutoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alikwenda akamshika ndama mweusi masikio, akamtoa zizini, akamsukumia miguuni kwa Karemire.

"Mpe maziwa yako. Huyu ameshakunywa dang'a, maziwa ya kwanza ya Bihogo, zaidi ya hapo hapati. Na wewe, Karemire, ukifika tena hapa kwangu, mtoto huyu atakupa maziwa, maana sisi ni watu. Mimi hutaniona. Nitakuwa ndani."

"Dada, kwa ng'ombe tu?"

"Ondoka kabla sijawakumbuka ng'ombe wote mlionichukulia."

Aliondoka akimkokota ndama, ndama akigeuka nyuma na kulia, na mtamba akijibu kutoka kwenye miba. Alijibu siku nyingi. Baba alikuwa akimkamua akimwimbia ili aachie maziwa, na Shangazi akisikia akaingia ndani akaanza kuhamisha vitu vilivyokuwa mahali pake. Amekuja Karemire mara mbili tangu hapo. Nilimpa maziwa. Alikunywa akitazama pazia, na nyuma ya pazia Shangazi alikuwa amesimama, namwona miguu, hatoki.

Mvua zilipokuja mtamba akarudisha mwili. Asubuhi moja Baba akaja mbio, mtu ambaye hakimbii, akasema anataka dume. Shangazi akatoka na kijiti cha mswaki mdomoni. Alimfungia mtamba na fahali katika zizi dogo, wengine wote akawafukuza, akasimama getini na fimbo kama kuna mtu atakayekuja kuzuia.

Fahali akaja taratibu, pembe moja juu, moja chini. Akanusa. Akatazama mbali.

"Na wewe!" Shangazi akamfokea. "Unanusa kama unanunua kitambaa? Umekula nyasi zangu zote hizi, unangoja barua?"

"Kamakune, usimtie wasiwasi," Baba akasema.

"Nyamaza. Wewe ndiye uliyeuza wa kwanza."

Fahali akapiga hatua, akapanda, pembe yake ya chini ikapita kando ya shingo ya mtamba bila kumgusa. Ilikuwa jambo la mara moja. Mtamba akakunja mgongo, akasimama palepale. Shangazi alitema ule mswaki.

"Arudie," akasema. "Mugarura, usifungue. Mwache arudie mbele ya macho yangu."

Na Shangazi hakutoka getini.